Doa gani, na limekaa wapi? Almasi ya ardhini, ya maabara na mawe yanayofanana nayo

Weka mawe matatu juu ya kitambaa cheusi kwenye kaunta ya sonara, yote meupe, yote ya duara, yote ya milimita 6.5. Moja lilikaa chini ya ardhi miaka bilioni tatu. La pili lilikuzwa kiwandani kwa majuma machache. La tatu si almasi kabisa. Jicho tupu halitakwambia lipi ni lipi, na taa za dukani zimewekwa makusudi ili kila kitu kiwake.

Mnunuzi huuliza swali moja: "Lina doa?" Muuzaji hujibu, "Halina," na mazungumzo yanahamia kwenye bei. Swali lenyewe ndilo lenye kasoro. Karibu kila almasi ina kitu ndani yake, na kitu hicho ndicho kinachoeleza jiwe lilizaliwa wapi, litastahimili nini kwenye kidole, na muuzaji anastahili kuaminiwa kiasi gani. La kuuliza ni: doa gani, na limekaa wapi?

Kabla ya kwenda mbali, tutenganishe neno moja linalochanganya watu. Karati ya dhahabu, yaani ile 18, 21 au 22, ni kiwango cha usafi wa dhahabu. Karati ya almasi ni uzito: karati 1 ni gramu 0.2. Pete ya "karati 21 yenye almasi ya karati moja" ina karati mbili zisizohusiana hata kidogo.

Doa la almasi ya ardhini linatoka wapi

Almasi nyingi za vito zilijijenga kwenye kina cha kilomita 150 hadi 200, ndani ya mantili, tabaka nene la mwamba lililo chini ya ganda la dunia. Huko joto ni kati ya nyuzi 900 na 1,300 za Selsiasi, na mgandamizo ni kama mara 50,000 ya ule wa hewa tunayovuta hapa juu. Kaboni haifiki huko ikiwa makaa. Inasafiri ndani ya vimiminika vinavyopenya kwenye mwamba, ikiwa imeungana na oksijeni au na hidrojeni. Vimiminika hivyo vikikutana na mwamba wenye kemia tofauti, kaboni inaachwa na kuganda tabaka juu ya tabaka. Hadithi ya kwamba almasi ni makaa ya mawe yaliyobanwa sana haisimami: almasi nyingi zilishakomaa mabilioni ya miaka kabla mmea wa kwanza haujaota nchi kavu.

Almasi inapokua kwenye mwamba, humeza punje za madini yaliyo jirani. Almasi ni ngumu na haipitishi kitu, kwa hiyo punje iliyomezwa hubaki vilevile ilivyokuwa siku hiyo. Wanajiolojia huzipenda punje hizi kuliko almasi yenyewe, kwa sababu kaboni safi haina saa ya kuhesabia umri, lakini punje inayo. Mwaka 1984 Stephen Richardson na wenzake walipima ganeti, yaani punje za madini ya rangi, zilizotolewa ndani ya almasi za Kimberley na Finsch, Afrika Kusini, wakapata umri wa miaka bilioni 3.2 hadi 3.3. Kimberlaiti, yaani mwamba wa volkeno uliozipandisha almasi hizo, ni mchanga mno ukilinganisha nazo. Almasi haizaliwi na volkeno. Volkeno ni lori tu la kubebea mzigo.

Na lori lenyewe lazima liende kasi. Magma ya kimberlaiti, yaani mwamba ulioyeyuka, hupanda kutoka kina hicho kwa muda wa saa au siku chache. Ingekuwa inapanda polepole, almasi ingegeuka grafiti, ile nyeusi ya kwenye penseli, kabla ya kufika juu.

Mfano wa karibu kwa msomaji wa Mombasa ni Mwadui, mkoa wa Shinyanga, Tanzania. John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aliugundua mwamba huo mwaka 1940. Mlipuko wake ni wa kama miaka milioni 40 iliyopita, lakini umetoboa kratoni ya Tanzania, kipande cha bara kilichotulia kwa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Mwaka 1947 ilipatikana huko almasi ya waridi ya karati 54.5, ikachongwa ikabaki karati 23.6, nayo ikawekwa kwenye bruchi ya Malkia Elizabeth wa Uingereza.

Hapo pana somo la moja kwa moja kwa mnunuzi. Almasi huhitaji kratoni nene, baridi na kongwe chini yake. Taita Taveta, kwa utajiri wake wote wa vito, haikukaa juu ya kratoni ya namna hiyo. Miamba yake ni ya ukanda wa Msumbiji, iliyopikwa na kukunjwa kama miaka milioni 550 hadi 650 iliyopita. Ndiyo maana Voi na Mwatate zinatoa tsavoraiti, ile ganeti ya kijani, pamoja na rubi, wala hazitoi almasi. Mtu akikuletea "almasi kutoka Taita" kwa bei ya kirafiki, unachotazama huenda ni kwatzi, topazi nyeupe au kioo.

Zambarau, chungwa, kijani, nyeusi: kusoma rangi ya punje

Chukua lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia cha sonara, ya mara kumi. Shika jiwe kwa kibano au pete kwa vidole, lete lupu hadi karibu iguse nyusi, kisha ulete jiwe kwenye lupu mpaka lionekane wazi, kama sentimita 2.5 hivi. Kosa la kawaida ni kushika lupu mbali na jicho kama kioo cha kusomea gazeti. Fumbua macho yote mawili, lisije likachoka moja.

Punje za almasi ya ardhini zimegawanyika makabila mawili, kufuatana na mwamba zilimozaliwa.

La kwanza ni la peridotiti, mwamba wa kawaida wa mantili. Humo utakuta ganeti ya zambarau au nyekundu iliyoiva, diopsidi ya kromi yenye kijani kikali kama zumaridi, kromiti inayoonekana nyeusi na kuwa hudhurungi kwenye kingo nyembamba, na olivini isiyo na rangi. Olivini inamhadaa hata mzoefu: haionekani kama doa jeusi bali kama kiputo chenye kingo, na mara nyingi imechukua umbo la almasi iliyoimeza.

La pili ni la eklojiti. Mwamba huu unahusishwa na sakafu ya bahari ya kale iliyozama chini ya mabara. Ganeti yake ni ya chungwa, pairoksini yake ni ya kijani kilichofifia chenye kijivu au buluu, na mara nyingine kuna rutili au kianiti. Mwaka 2011 Steven Shirey na Richardson walionyesha kwamba punje za eklojiti hazionekani kwenye almasi zilizotangulia miaka bilioni tatu iliyopita. Walisema huenda hapo ndipo mabamba ya dunia yalipoanza kuzama na kugongana kwa mtindo tunaoujua.

Kwa bei, makabila haya mawili hayana tofauti yoyote. Maabara ya upimaji haitoi alama ya ziada kwa ganeti ya chungwa. Lakini kwa uhakika wa asili ya jiwe tofauti ni kubwa mno: punje ya rangi iliyomo ndani ya almasi, iwe ganeti au diopsidi, haipatikani kwenye jiwe lililokuzwa kiwandani. Hakuna ganeti kwenye mashine. Tukiwekewa mawe mawili ya bei sawa, moja lina nukta ndogo ya zambarau karibu na ukingo na jingine lina ufa mweupe katikati, tungechukua la zambarau bila kufikiri mara mbili.

Vipi basi madoa meusi, yale ambayo watu huyaita "kaboni" au "makaa ndani ya almasi"? Mengi si makaa hata kidogo. Ni salfaidi za chuma na nikeli, au kromiti, au ni punje nyeupe iliyozungukwa na mwatuko mweusi. Huo mwatuko una sababu yake. Punje ilipomezwa ilikuwa imebanwa kwa maelfu ya angahewa. Almasi ilipopanda, mgandamizo wa nje ulipungua, na punje ikataka kutanuka zaidi ya almasi iliyoizunguka. Almasi ikapasuka kidogo pande zote, kama petali za ua, na nyufa hizo zikapakwa grafiti. Kwa hiyo ukiona ua jeusi lenye punje katikati, una jiwe la ardhini mkononi, na papo hapo una jiwe lenye nyufa. Mambo hayo mawili yapimwe pamoja.

Kuna kundi dogo zaidi, almasi za kina kirefu, zilizotoka chini ya kilomita 300. Ndani ya moja ya Juína, Brazili, yalipatikana madini ya ringwudaiti yenye maji ndani ya muundo wake, taarifa ikatolewa mwaka 2014. Baadhi ya almasi kubwa na safi kupindukia, za jamii ya Cullinan iliyopatikana mwaka 1905 ikiwa na karati 3,106, zimebeba vipande vya chuma na nikeli kutoka huko. Hilo lina utata wake: chuma ndani ya almasi ndiyo alama ambayo wauzaji wengi hufundishwa kuwa ni ya maabara. Tunafika huko sasa.

Almasi ya maabara: shinikizo au gesi

Hizi ni almasi kweli. Kaboni ileile, ugumu uleule, uzani uleule. Anayekwambia ni "feki" anakosea, na anayekwambia hazina tofauti na za ardhini anauza.

Njia ya kwanza huandikwa kwenye vyeti kama HPHT, kifupi cha Kiingereza cha "shinikizo kubwa, joto kubwa". Kampuni ya General Electric ya Marekani ilifanikiwa nayo Desemba 1954, na mawe ya ubora wa vito yakafuata mwaka 1970. Mashine hubana mchanganyiko wa grafiti na metali, yaani chuma, nikeli au kobalti, kwa gigapaskali 5 hadi 6 na joto la nyuzi 1,300 hadi 1,600. Metali huyeyuka, huibeba kaboni, na kuiweka juu ya mbegu ndogo ya almasi. Doa lake ni mabaki ya metali hiyo: vijiti au vitone vinavyong'aa kijivu mwanga ukivipiga ubavu, na vyeusi ukivitazama kwa mwanga wa nyuma. Jiwe lenye metali nyingi hufuata sumaku. Liweke juu ya kipande cha sponji kinachoelea kwenye bakuli la maji, usogeze sumaku kali ya neodimiamu bila kugusa, zima feni kwanza. Likisogea ni dalili nzito. Lisiposogea hujathibitisha chochote, kwa sababu mengi ya sasa ni masafi.

Njia ya pili ni CVD, yaani kukuza almasi kutokana na gesi. Hapa hakuna kubana. Ndani ya chemba yenye mgandamizo mdogo kuliko wa hewa huwekwa mbegu bapa za almasi, huingizwa methani na hidrojeni, na mawimbi ya maikrowevu huigeuza gesi kuwa plazma, gesi yenye chaji ya umeme. Mbegu ikiwa na joto la kama nyuzi 700 hadi 1,200, kaboni hunyesha juu yake tabaka kwa tabaka. Doa lake ni nukta nyeusi za kaboni isiyogeuka almasi, mara nyingi zimejipanga kwenye tabaka moja, pale mashine iliposimamishwa kisha ikaendelea. Haivutwi na sumaku. Mawe mengi ya CVD hutoka na ukahawia, kisha hupelekwa kwenye mashine ya shinikizo ili yawe meupe, na cheti kizuri husema hivyo waziwazi.

Tukilinganisha hizi mbili kwa mnunuzi: HPHT huelekea kuwa na weupe safi lakini baadhi huwa na kivuli cha buluu kwa sababu ya boroni, na huendelea kuwaka hafifu gizani kwa sekunde kadhaa baada ya taa ya urujuanimno ya mawimbi mafupi kuzimwa. CVD huweza kuwa na ukahawia au ukungu hafifu, hasa ukiitazama kwa upande juu ya karatasi nyeupe. Uchina ndiyo inayotawala HPHT, hasa mkoa wa Henan. India imeegemea CVD, na Surat, Gujarat, ambako almasi nyingi za dunia huchongwa, ndiko mawe ya aina zote hukutana. Umakini unahitajika hapo kuliko penginepo.

Tofauti isiyofichika ni ya naitrojeni. Almasi nyingi za ardhini zina naitrojeni iliyokuwa ya atomu mojamoja, kisha ikajikusanya wawiliwawili na wannewanne kwa muda wa mamilioni mengi ya miaka kwenye joto la mantili. Kiwanda hakina muda huo. Mashine za uchunguzi hutazama jambo hilo kwanza: jiwe jeupe lisilo na naitrojeni iliyokusanyika hutengwa lipimwe zaidi. Ni asilimia ndogo sana ya almasi za ardhini zinazokosa naitrojeni, kwa hiyo kutengwa si hukumu, ni mwaliko wa kupimwa.

Lupu haiwezi kufanya kazi hiyo. Ukiwa na jiwe safi kabisa la maabara na jingine safi kabisa la ardhini, hakuna sonara, hata awe na miaka arobaini kazini, anayeweza kuyatenganisha kwa lupu. Anayedai anaweza, yachanganye nyuma ya mgongo wake kisha mwambie ajaribu.

Moisanaiti na zirkoni

Hapa tunapita haraka, kwa sababu yanatambulika kirahisi. Moisanaiti ni silikoni na kaboni. Henri Moissan aliiona mwaka 1893 kwenye kimondo cha Canyon Diablo, Marekani, na, jambo la kuchekesha, imewahi kukutwa pia ikiwa punje ndani ya almasi za ardhini. Ile ya dukani yote hutengenezwa. Zirkoni ya kiwandani ni oksidi ya zirkoniamu. Isichanganywe na zirkoni ya asili, ambayo ni jiwe lingine.

| | Almasi, ya ardhini au maabara | Moisanaiti | Zirkoni ya kiwandani |
|---|---|---|---|
| Ugumu (juu kabisa ni 10) | 10 | 9.25 | 8 hadi 8.5 |
| Uzani dhidi ya maji | mara 3.52 | mara 3.22 | mara 5.6 hadi 6 |
| Duara la mm 6.5 | karati 1 hivi | karati 0.9 hivi | karati 1.6 au zaidi |
| Kipimo cha joto | hupita | hupita | hufeli |
| Mwatuko wa rangi (mwanga kugawanyika kuwa rangi za upinde) | wa wastani | mara mbili na zaidi ya almasi | umezidi almasi kidogo |
| Ndani kwa lupu | punje, nyufa, metali au nukta | sindano nyembamba, kingo mbilimbili | kwa kawaida safi, mara chache viputo |

Mstari wa uzito ndio wenye faida zaidi kwa jiwe ambalo halijafungwa kwenye pete. Mizani ya vito na rula ya kupimia milimita vinatosha kumtoa zirkoni mbio.

Moisanaiti hutambulika kwa kingo mbilimbili, lakini watu hukosea pembe. Ukitazama wima kupitia uso wa juu hutaona kitu, kwa sababu kwa kawaida huchongwa makusudi ili upande huo usionyeshe. Liinamishe, tazama kupitia nyuso za mteremko kuelekea ncha ya chini: mistari ya nyuso za nyuma itaonekana miwilimiwili, kama maandishi kwa mtu aliyesahau miwani.

Vipimo vya dukani, na vinavyoharibika hapa pwani

Kile cha kupulizia pumzi, eti almasi haishiki ukungu, kisahau. Hewa ya Mombasa imejaa unyevu. Jiwe lililotoka kwenye duka lenye kiyoyozi hushika ukungu likifika mlangoni, almasi au si almasi. Na jiwe lenye mafuta ya mkono hushika ukungu kwa namna yake.

Kipimo cha joto, ile kalamu yenye ncha ya shaba inayolia "pii", ni kizuri kwa kutenga zirkoni na kioo tu. Moisanaiti hukipita. Almasi ya maabara nayo hukipita. Kabla ya kuamini, angalia mambo haya: jiwe limefutwa likakauka, ncha imesimama wima, haijagusa dhahabu, kalamu imeachwa ipate moto kama maelekezo yake yanavyosema, na betri si chovu. Ncha ikigusa ukucha wa dhahabu unaoshika jiwe italia hata jiwe likiwa kioo. Baada ya kujaribu jiwe moja, acha sekunde chache lipoe kabla ya kurudia. Kuna kalamu nyingine inayopima umeme, ndiyo ya kutenga moisanaiti. Nayo huweza kuikosea almasi yenye boroni, ambayo hupitisha umeme.

Taa ya urujuanimno ya kukagulia noti, ambayo duka lolote lenye keshia linayo, husaidia kidogo. Almasi nyingi za ardhini hazimeti. Kama robo hivi hadi theluthi humeta, na nyingi kati ya hizo humeta buluu. Basi kidani chenye mawe madogo thelathini ambayo mengine yanameta sana, mengine kidogo, mengine hapana, kina mwenendo wa mawe ya ardhini. Yote thelathini yakiwa kimya, au yote yakitoa rangi moja ya chungwa, omba kipimo cha maabara. Taa nyingi za noti ni za nanomita 395 na mwanga wake wa zambarau huficha kumeta hafifu. Ya 365 ni bora.

Mwanga wa kutazamia weupe: si jua la saa saba mchana, ambalo hufanya jiwe kuwa vipande vya cheche na giza, wala si taa za dukani. Kaa barazani, kivulini, jiwe likiwa limelala kifudifudi juu ya karatasi nyeupe iliyokunjwa.

Doa na uimara: palepale lilipo

Alama za usafi, kutoka safi kabisa hadi yenye madoa mengi, huanzia FL, IF, VVS1, VVS2, VS1, VS2, SI1, SI2, hadi I1, I2, I3, na hutolewa kwa kutazama kwa ukuzaji wa mara kumi. Mwaka 2025 GIA, taasisi ya Marekani ya kupima vito, iliacha kuzitumia kwa almasi za maabara, ikaweka makundi mapana badala yake, kwa kuwa karibu zote zilikuwa zinarundikana juu. Kwa jicho tupu, VS2 na VVS1 ni kitu kimoja. Pesa inayotenganisha alama hizo hununua jambo ambalo hakuna mgeni wa harusi atakayeliona.

Alama haikwambii kila kitu kuhusu uimara. Unyoya, yaani ufa mdogo, ulio katikati ya jiwe unaweza kukaa milele. Unyoya uleule ukifika ukingoni ni mlango. Almasi ni ngumu kukwaruzwa, lakini ina pande nne ambazo hupasuka kwa pigo moja, na pigo likikutana na ufa uliofika ukingoni kipande hutoka. Hatari zaidi ni mawe ya mraba yenye pembe kali. Hapo usitazame alama tu. Tazama kila pembe kwa lupu. Punje iliyo chini ya uso wa juu, katikati, ni mbaya kwa namna nyingine: huakisiwa na nyuso za chini, na doa moja likaonekana kama manane.

Fundi mzuri huweza kuficha doa la ukingoni chini ya ukucha wa dhahabu. Kwa punje iliyofungwa ndani hilo ni jambo la busara, na bei yake huwa nafuu. Kwa ufa ni hatari, kwa sababu ukucha ndio unaobanwa kwa koleo.

Kuna mawe yaliyojazwa kioo ndani ya nyufa, ufundi ulioenea tangu miaka ya 1980. Dalili ni mmweko wa rangi: ukizungusha jiwe polepole, ufa hubadilika kutoka waridi au chungwa kwenda buluu au kijani. Usiuchanganye na rangi za upinde ndani ya ufa wa kawaida, ambazo huja zote pamoja. GIA haitoi alama kwa mawe haya. Shida yake huonekana siku ya kupunguza pete: moto wa sonara huyeyusha kioo, jiwe hurudi na nyufa zote wazi, na ugomvi unaanza. Mawe yaliyotobolewa kwa leza ili kung'arisha doa jeusi ni afadhali; utaona mfereji mwembamba ulionyooka kutoka juu, na haupotei.

Hata almasi isiyo na kioo huungua. Kwenye hewa huanza kuharibika joto likifika kama nyuzi 700 na ushee, ambalo ni joto la kuunganishia dhahabu. Fundi hulipaka asidi ya boriki iliyoyeyushwa kwenye spiriti kabla ya kupiga moto. Akisahau, jiwe hutoka na ukungu mweupe kama maziwa, likihitaji kusuguliwa upya na kupoteza uzito. Na asilitumbukize majini likiwa la moto: punje na almasi hazitanuki kwa kiasi kimoja, na ufa wa zamani huendelea kutembea.

Uchukue lipi

Kwa kipini cha pua, jiwe ni la milimita moja na nusu au mbili. Kwa ukubwa huo hakuna atakayeliandikia cheti, na mawe madogo ya maabara huchanganywa na ya ardhini kwenye pakiti moja tangu huko yanakochongwa. Kulipa bei ya asili kwa jiwe ambalo asili yake haiwezi kuthibitishwa hapo ulipo hatuoni maana yake. Chukua la maabara kwa bei ya maabara, au moisanaiti, na weka pesa kwenye dhahabu na skrubu madhubuti, isije ikadondoka baharini.

Kwa pete ya kuvaliwa kila siku na mtu anayepika, kufua na kuendesha pikipiki, uimara utangulie. Jiwe la duara, VS2 au SI1, punje zimefungwa ndani, hakuna unyoya ukingoni. Zirkoni haifai: kingo zake hulainika na jiwe huwa butu kwa miaka michache. Moisanaiti inafaa sana, mradi unapenda mwatuko wake wa rangi, ambao kwa jiwe kubwa huwa mwingi hata ukalisaliti.

Kwa kidani cha harusi kinachotoka sandukuni mara chache kwa mwaka, ukubwa na mng'ao ndivyo vinavyoonekana, na hapo maabara inashinda waziwazi. Ila usiinunue kama akiba. De Beers, kampuni kubwa ya almasi, walipofungua chapa ya almasi za maabara ya Lightbox mwaka 2018 waliuza dola 800 kwa karati, bei iliyowashtua wengi kwa unafuu. Baadaye soko liliporomoka chini zaidi, na mwaka 2025 wakatangaza kuifunga. Dhahabu ya kidani itarudi kwa gramu. Almasi haina bei ya siku ya kuandikwa ubaoni, na ya maabara kwa kuuza tena huwa karibu haina mnunuzi.

Kwa anayetaka jiwe la kurithisha, au la mahari ambalo familia itauliza habari zake, ya ardhini yenye ripoti ina maana. Hapo tungeacha VVS tukachukua jiwe lenye punje inayotambulika. Sababu ni ya kiutendaji: namba iliyochorwa kwa leza ukingoni huweza kughushiwa, na imeshatokea jiwe la maabara kuchorwa namba ya jiwe la ardhini, ila hakuna awezaye kughushi mpangilio wa punje. Ripoti kamili ya GIA ina ramani ya madoa. Ile fupi ya mawe madogo haina. Omba yenye ramani. Kisha fanya hivi mbele ya muuzaji: soma namba ukingoni kwa lupu, iingize kwenye tovuti ya taasisi yenyewe, linganisha uzito na vipimo vya milimita hadi desimali ya pili, halafu tafuta angalau madoa mawili ya kwenye ramani ndani ya jiwe. Geuza jiwe mpaka ramani na jiwe vielekee upande mmoja. Hapa wengi hukata tamaa mapema, wakati tatizo ni kwamba wanashika jiwe kichwa chini.

Mafuta ya nazi na moshi wa udi hufanya almasi yoyote ionekane na ukungu, maana almasi hunata mafuta kuliko karibu jiwe lolote. Kabla ya kulaumu jiwe, lioshe kwa maji vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini upande wa chini, kwenye bakuli, si juu ya tundu la sinki. Mashine ya mtetemo ya dukani iachwe kwa mawe yasiyo na nyufa wala kioo.

Kwenye risiti yaandikwe kwa maneno, si kwa mdomo: ya ardhini au ya maabara, na kama ya maabara, kwa njia gani, imetibiwa au haikutibiwa, uzito wa jiwe peke yake mbali na gramu za dhahabu, na namba ya ripoti. Muuzaji akisema hayo yote lakini akakataa kuandika neno "ya ardhini", rudisha pete kwenye kitambaa chake cheusi.